Goli ya DG na Ngombe ya Papa Jacques

Ile muaka ya corona, équipe ya mupira ya Institut Supérieur Kilima-Baridi, kule Masisi, ilikuwa inapiga kila muntu. Ilipiga bale ba Sake. Ilipiga bale ba Rubaya. Ilipiga ata ma-séminaristes wenye walikuja na padiri wao na maji ya baraka, wakarudi na maji tu, baraka ilibakia kwetu. Na goli ata moya haikuingia mu nyavu yetu, juu gardien, mulinzi wa goli, alikuwa Séraphin, kijana mwenye mikono mirefu sana, akisimama wima anaweza kujikuna goti bila kuinama.

Mais hii habari haiko ya Séraphin. Hii habari iko ya Guy.

Guy alikuwa gardien wa pili. Gardien wa pili njo kusema gardien wa banc, wa kuikala pembeni. Saison muzima, Guy alivaa gants za mikono, akajipasha moto, akaruka ruka pembeni ya kiwanja kama mbuzi yenye imeona mvua, alafu akaikala. Kazi yake ya kweli ilikuwa kulinda chupa za maji. Na tuseme ukweli, ata chupa moya haikupotea. Batoto ba chuo walikuwa wanamuita Guy wa Chupa. Yee alikuwa anacheka nao, alafu anaenda kukasirika peke yake nyuma ya nyumba ya Damien, entraîneur.

Matata ilikuwa mama yake. Mama Nyirabagenzi alikuwa kule Ngungu, mu mashamba ya maharagi, na kila siku ya match alikuwa anapiga simu.

— Guy, leo umeachia goli ngapi?

— Mama, sijaachia ata moya.

Na haikuwa bongo wala uongo! Muntu wa banc anaachia goli wapi?

Basi mama alikuwa anabeba hiyo jibu mu kanisa, anabeba mu soko, anabeba ata ku kisima. Ngungu muzima ikajua kama mutoto ya Nyirabagenzi njo ukuta ya Masisi. Pasteur aliombea mikono ya Guy mbele ya kanisa, mikono peke yake, muntu mwenyewe akasahauliwa. Alafu ikafika habari ya final: Kilima-Baridi na équipe ya Walikale, pale pale Masisi, siku ya posho, Jumamosi. Mama akapiga simu.

— Safari hii nakuja kuona na macho yangu.

— Mama, barabara iko mubaya sana. Mvua inanyesha.

— Barabara ilikuwa muzuri siku gani? Nakuja. Na sikia, Guy. Kama nakuta unanidanganyaka, jembe yako iko bado nyuma ya mulango, inakungojea. Masomo imeisha, tunarudi ku maharagi.

Jembe ile Guy aliikimbia miaka yote. Alisoma kwa ajili ya kukimbia ile jembe, si kwa ajili ya kupenda agronomie, masomo ya mashamba. Akaenda kwa Damien, akapiga magoti ya kweli, mu matope.

— Coach, dakika tano tu. Dakika mbili. Mama yangu anakuja.

Damien alikuwa muntu wa kuvuta sigara na kuhurumia watu, mais vitu vyote viwili kwa siri.

— Bon. Kama tunawapiga, dakika za mwisho nakuingiza. Mais ukiachia goli, utarudi kwenu kwa miguu, na mama yako mbele yako na fimbo.

Hapo njo tuseme habari ya ngombe. Papa Jacques, mufanya-biashara wa Butembo mwenye malori yake inashuka mpaka Hombo, alikuwa ametoa ngombe dume kwa champion. Na kwetu, ngombe ya coupe, zawadi ya kombe, haifichwake. Inafungwa ku poteau ya goli tangu asubuyi, wachezaji wanaisikia harufu, wanajua wanakimbilia nini. Muchezaji akichoka, anaangalia ile mapaja, nguvu inarudi. Ma-poteau zenyewe zilikuwa miti ya eucalyptus, wanafunzi walizisimamisha siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya watu wote. Na salongo munaijua: unachimba mpaka chef anageuza mugongo, basi. Shimo ilikuwa na urefu ya sufuria. Siku zote ile poteau ilikuwa inasimama kwa adabu tu.

Ikabakia siku kidogo, radio ikapiga kelele. Corona imeingia mu inchi. Kinshasa imesema: masomo imefungwa, kanisa imefungwa, watu zaidi ya makumi mbili pamoja, hapana. Équipe ya Walikale ilikuwa tayari mu njia, lori yao imezama mu matope karibu na Kibua. Wakawapigia simu: batoto, geuzeni. Batoto wakasema: tunageuza namna gani, na hatuwezi kwenda mbele wala nyuma? Wakabakia pale pale Kibua, wanakula mihogo ya watu.

DG, mukubwa wa chuo yetu, Papa Jérôme, akaita wanafunzi wote mu salle, zaidi ya mia mbili, tunabanana kama samaki sambaza mu kopo, kusudi atuambie kama kubanana iko hatari.

— Final imefutwa, akasema. Équipe mbili ni watu makumi mbili na wawili. Wawili wanazidi. Sheria ni sheria.

— Sasa, Papa DG, tucheze kumi kumi! mumoya akapiga kelele huko nyuma.

Watu wakacheka. DG hakucheka.

— Hakuna match. Mais sisi njo wa kwanza mu classement, donc sisi njo champion. Siku ya posho tutafanya kasherehe kadogo ya kupokea ngombe. Nimealika wageni.

— Wageni ngapi?

— Wageni hawahesabiwake. Wageni ni wageni.

Munaona vile. Batoto makumi mbili na wawili mu kiwanja, upepo inapita, corona itawaua. Wakubwa mia tatu mu hema moya, mu sahani moya, corona itaogopa harufu ya nyama. Ni vile DG alikuwa anaota kuwa député, mubunge wa Kinshasa, na député bila photo na ngombe iko kama padiri bila kanzu.

Séraphin yee hakungojea. Siku masomo ilifungwa, alipanda pikipiki ya kwanza, akarudi kwao na mikono yake yote. Hapo njo Damien alimuita Guy.

— Guy, Mungu amekusikia. Siku ya posho uko mu goli.

Guy akaruka karibu apasue paa.

— Ngoja kwanza. Hakuna match. DG njo atapiga penalti moya, kwa photo. Yee anapiga upande ya kuume. Weye unaruka upande ya kushoto. Mupira inaingia, watu wanapiga makofi, tunakula. Umesikia?

— Coach, saison muzima hatujaachia goli ata moya.

— Sisi, njo kina nani? Chupa?

— Na mama yangu anakuja!

— Mama yako apige makofi kama watu wote.

Posho ikafika. Mama Nyirabagenzi naye akafika, amevuka milima na viatu mu mukono, maharagi mu kitambaa ku mugongo, na masque ya kitenge yenye alishona mwenyewe. Alikuwa muntu peke yake mu kiwanja muzima mwenye masque ilifunika pua. Wakubwa walikuwa wamevaa zao ku kidevu, kama ndevu. Mama akasukuma watu, akapata nafasi mbele kabisa, nyuma ya kamba.

— Njo mutoto yangu ule, akaambia mwanamuke wa pembeni. Mwenye gants.

— Ule? Guy wa Chupa? mwanamuke akasema. Leo wamemutoa ku banc! Mungu iko mukubwa.

Mama akarudisha masque vizuri juu ya pua.

DG akatoa discours. Alisema distance, distance, distance, na kila mara anasema distance, alikuwa anamushika mugeni moya bega. Alafu akavua veste, akampa muntu amushikie, akasimama mbele ya mupira na viatu yake ya ngozi, virefu mbele kama mitumbwi. Ma-photographe wakapiga goti. Ngombe ilikuwa imefungwa ku poteau, pembeni ya Guy, inatafuna majani, inaangalia ile mambo yote kama muntu mwenye hajaambiwa kama yeye njo chakula.

Guy akasimama kati kati. Kushoto, akajiambia. Naruka kushoto. Kushoto.

— Guy eee! mama akapiga kelele, sauti ya kuita ngombe toka mulima ya pili. Usiache ata moya!

Watu wakaangua kicheko. DG akageuka, akatafuta ile sauti, hakuiona. Akarudi nyuma hatua nyingi sana, kama muntu anataka kuvunja mulango ya banque. Akakimbia. Akapiga.

Wee! Ile penalti, ata leo tunaihurumia. Kiatu ilikamata udongo mbele ya mupira, na mupira ikatoka polepole, inapindapinda, inakuja kama mugeni mwenye hana hakika kama alialikwa. Guy alikuwa na wakati ya kuruka kushoto, kuanguka, kulala kidogo na kuamka. Akaangalia Damien: Damien alikuwa anamuonyesha kushoto na macho, na kichwa, na sigara. Akaangalia mama yake. Mama alikuwa ameshika kamba na mikono mbili.

Mupira ilikuwa bado inakuja.

Kuiachia, ilikuwa lazima akimbie. Hapo njo Guy aliona kama iko mambo yenye muntu hawezi kufanya mbele ya mama yake. Akaruka kuume. Akaipiga na ngumi zote mbili, na nguvu ya saison muzima ya banc. Mupira ya maskini ikaruka, ikaenda moja kwa moja mu pua ya ngombe.

Ngombe ikasema neno yenye sitaandika hapa. Ikavuta mara moya tu. Poteau ya salongo ikatoka mu udongo kama jino ya mutoto, mti ya juu ikaanguka, nyavu ikafuata, na ngombe ikaingia mbio mu wageni, inavuta eucalyptus nyuma yake. Ile siku njo tuliona distance! Wakubwa walishika distance mpaka ku barabara. Wengine walishika distance juu ya miti. DG alibakia mu matope na kiatu moya, masque imepanda ku macho, anapiga kelele:

— Ule mutoto! Nafukuza ule mutoto ku chuo! Leo leo!

Mama Nyirabagenzi akapita chini ya kamba, akasimama mbele yake, akapiga goti kidogo kwa heshima.

— Papa, musamaha. Chuo si mumeifunga? Unamufukuza wapi?

DG akashusha masque toka ku macho.

— Nitafungua, akasema, alafu nitamufukuza.

Ngombe yenyewe ilishika njia ya Walikale. Watu walifuata alama ya ile mti mu matope, wakachoka, wakarudi na njaa. Posho yenye ilifuata, ikaingia photo mu telefone ya kila muntu: batoto ba équipe ya Walikale, pale Kibua, lori bado imezama nyuma yao, kila mumoya na muchikaki mu mukono, na maneno chini: Champions. Mais ukweli, hawa njo équipe peke yake mu ile saison yenye ilisafiri, ikateseka, na coupe ikajileta kwao na miguu yake.

Guy akarudi Ngungu na mama yake. Jembe ilikuwa nyuma ya mulango, vile vile. Walikuwa mu shamba siku radio ilitangaza: ku sherehe ya champion, Bwana Directeur Général wa Kilima-Baridi alifunga penalti muzuri sana, gardien hakuona ata ilipita wapi.

Jirani wakakuja na huruma.

— Guy, pole. Basi ile moya ilikushinda.

— Nilidaka! Naapa! Niliipiga na ngumi!

— Mmm, wakasema. Radio inaweza kudanganya?

Na wakaenda. Guy akasimama na jembe. Saison muzima hakucheza ata dakika, Ngungu muzima ikaamini. Amedaka mara moya mu maisha yake, na sasa njo iko mudanganyifu.

— Mama, weye ulikuwako. Uwaambie!

Mama Nyirabagenzi alikuwa ameinama, anang'oa majani mabaya kati ya maharagi. Hakuinua kichwa.

— Niliona, akasema. Ulidaka vizuri.

Guy akapumua. Akatupa jembe juu ya bega kama muntu wa ma-photo. Mama akajinyoosha polepole, akapangusa jasho na kona ya kitenge, akaonyesha kidumu kule mwisho ya shamba.

— Sasa, Guy wa Chupa, niletee maji. Na usimwange ata tone moya.