Vikaratasi vya Mjomba

Kila asubuhi binti alikata aya za Biblia. Aliziandika kwenye kompyuta ya ofisi ya kanisa, akazichapa, kisha akazitenga moja moja kwa mkasi, ili mjomba wake mchungaji ampe kila mwenye shida kikaratasi cha kwenda nacho nyumbani. Siku hiyo alikuwa katikati ya kukata karatasi mlango uliposukumwa. Aliingia dada yake, jicho moja limevimba hata halifunguki.

"Ni mume wangu," dada alisema. "Mjomba, naomba nikae kwako kwa muda."

Mjomba alikuwa mezani kwake anatafuna biskuti. Mume huyo alikuwa mzee wa kanisa, mwenye kauli kubwa kikaoni kuliko wote, hata mchungaji. Mjomba akalamba kidole gumba, akapekua vikaratasi, akachomoa kimoja na kukibandika kwenye kiganja cha dada, kingali na mate.

"Neno liko wazi, mwanangu. Mke amtii mumewe. Rudi, vumilia."

Binti aliona kinyaa. Jana tu, katika darasa la Biblia, mjomba huyu huyu aliwafundisha wanafunzi kwamba aya haisimami peke yake: soma iliyotangulia, soma inayofuata, uliza iliandikwa kwa nani. Na alipoulizwa kuhusu yule tajiri aliyeambiwa na Yesu auze vyote, alicheka. "Aliambiwa yeye, si mimi."

"Mjomba," binti alisema, "hiyo aya ina..."

"Leo bubu wetu anahubiri?" Mjomba alicheka, chembe za biskuti zikaruka hadi kwenye Biblia iliyokuwa wazi. Akazifuta kwa mkono wa shati, zikaacha doa la mafuta. "Kata karatasi, mama. Watu wanasubiri."

Dada alikunja kikaratasi, akainuka pole pole kama mtu anayeumwa mbavu. Binti akaweka mkasi chini.

"Ya juu yake inasema watu wote watiiane," alisema. "Za chini yake zinamwambia mume ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe. Nimezitenga na hii mimi mwenyewe, kwa kuwa ulinituma. Unazijua kuliko mimi, mjomba. Unamwogopa tu mume wa dada, ndiyo maana unamrudisha akapigwe."

Mjomba aliacha kutafuna.

"Harudi," binti alisema. "Dada, leo unalala chumbani kwangu."