Makofi ya Kiti cha Mbele

Mdogo wangu, tunayemwita Profesa tangu hajaota ndevu, alinipa kiti cha mbele kwenye tamthilia yake. Nikavaa gauni langu la harusi za watu, nikajipulizia manukato, nikajiona mtu.

Mwanzoni tulikuwa salama: waigizaji jukwaani, sisi gizani. Mara mwigizaji wa kike akaacha kuigiza. Taa za ukumbini zikawashwa, akashuka ngazi, akatukazia macho. "Nani hapa humfungia mama yake ndani kwa kufuli ili aende kazini?"

Mungu wangu! Mama yetu akili imeshampotea. Mlango ukiachwa wazi, anatokomea barabarani. Mimi nashona mashati kiwandani kutwa nzima, nifanyeje? Siri hiyo nilimwambia Profesa peke yake, jikoni, huku nalia. Kumbe mwenzangu alikuwa anaandika kichwani!

Watu wakaanza kuchekacheka kwa woga, kila mmoja akimgeukia jirani yake. Mwigizaji akaja kusimama mbele yangu. Uso uliniwaka kwa aibu. Nilijua tu ametumwa kwangu, sasa nikatae nini?

"Mimi," nikasema.

"Na leo?"

"Leo pia. Yuko ndani sasa hivi. Nimekuja kuona kazi ya mwanawe."

Halafu makofi, ukumbi mzima! Walidhani nimepangwa. Mama mmoja nyuma yangu akanigusa bega: "Hongera, dada, umeigiza mpaka nimelia." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nimemwanika mama yangu hadharani, nao wananishangilia.

Onyesho lilipoisha, Profesa akanijia mbio, macho mekundu. Nikadhani anakuja kuniomba radhi. Nikamfungulia mikono kabisa, mjinga mimi.

"Dada! Tulikuwa na mtu wetu wa kujibu lile swali, amekaa pale katikati, lakini hafui dafu kwako. Umeona watu walivyolia? Kesho uje tena, kiti kilekile."

"Na mama?"

"Si utamfungia tu, kama leo?"

Nilimwona akisikia alichokisema. Hakuweza kunitazama, nami sikuweza kumtazama, maana kufuli nililifunga mimi. Tukasimama pale kama watoto waliokojolea kitanda kimoja, huku watu wanapita wakitupa hongera.