Stoo ya Mafagio

Kengele ya kipindi cha tatu ilipolia, darasa la saba likagawanyika. Wa mchungaji wakaingia chumba cha kushoto, wa ustadhi wakaingia cha kulia. Binti mmoja akabaki koridoni na daftari lake. Akafungua mlango wa stoo iliyokuwa katikati ya vyumba hivyo viwili, akainama kupita chini ya kamba ya matambara ya kudekia, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama yake, mfagiaji wa shule, alikuwa anabana kwa waya fagio lililolegea.

"Leo wana nini?" mama akauliza.

"Kushoto Msamaria mwema. Kulia haki za jirani."

"Basi utatoka umeshiba pande zote mbili."

Binti akacheka. Kuta za stoo zilikuwa za mbao nyembamba, na kwa miaka mitatu alikuwa amezisikiliza dini zote mbili katikati ya sabuni na mafagio. Alihifadhi zaburi, akahifadhi sura fupi, na akichokozwa kidogo aliigiza mchungaji anavyopiga chafya na ustadhi anavyokohoa kabla ya kumuuliza mtu swali.

Si kwamba hakuwa na kwao. Baba yake alikuwa Mwislamu, mama Mkristo, ndoa waliifunga serikalini mbele ya karani aliyekuwa anapiga miayo. Ndugu wa pande zote wakasusa. Baba alipolazwa, pumzi zake zikiwa za kuhesabika, alimshika mkewe mkono. "Mtu asimvute mwanangu. Akikua atachagua mwenyewe." Mama akaahidi. Alipomaliza eda ya kumlilia marehemu akaenda kwa mwalimu mkuu kuomba mtoto asiingizwe upande wowote, naye akasema hakuna shida kabisa, shule hii ni ya watu wote. Maneno hayo yamechorwa ukutani hapo getini, na mikono ya rangi mbalimbali imeshikana chini yake. Mama ndiye anayeisugua.

Jumatatu mwalimu mkuu alimwita ofisini.

"Mama, nimekwama. Mwanao hana namba ya mtihani."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Mwaka huu somo la dini ni lazima, na fomu ina visanduku viwili. Nikiviacha wazi, kompyuta haisogei." Akamgeuzia skrini aone, kana kwamba kuona kungesaidia.

"Si ujaze kimoja tu, mwalimu."

"Wanataka barua ya kiongozi wa dini, yenye muhuri. Mwisho Ijumaa."

"Lakini anazijua zote. Muulize."

"Nimuulize nini, na ndiye niliyemsimamisha asome zote mbili mbele ya wageni wa wizara? Walipiga makofi mpaka basi." Akashusha macho kwenye kibodi. "Hapa hakuna kisanduku cha anayejua."

Jumanne mama alikwenda kwa mchungaji, akapewa kiti na maji ya kunywa. "Abatizwe kwanza," mchungaji alisema. "Mafundisho ni miezi sita."

"Mtihani umebaki wiki tano, baba."

"Siwezi kuandika mbele ya Mungu kitu ambacho hakijawa, mama yangu."

Jumatano akaenda kwa shehe, naye akampokea vizuri. "Mtoto ni wetu, sina shaka. Ila marehemu sikumjua. Aje nduguye ashuhudie, muhuri napiga saa hiyo hiyo."

Ndugu wa kuzaliwa naye alikuwa mmoja, mwenye duka la vipuri vya baiskeli. Tangu siku ya mazishi hakuwa amekanyaga kwao.

"Shemeji. Leo umetukumbuka," alisema bila kuinua kichwa. Alisikiliza yote huku anapaka mnyororo grisi. "Nitashuhudia. Kwa nini nisishuhudie damu yangu? Lakini sitakwenda kwa shehe kusema uongo. Mtoto wa Kiislamu analelewa na nani? Aje akae kwangu."

"Mpaka mtihani uishe?"

"Mpaka akue."

Mkewe alikuwa mlangoni, kichanga kikimlilia begani. "Afadhali," alisema. "Na mimi mgongo wangu upumzike."

Mama akarudi nyumbani akiwa ameshaamua kukataa. Alimkuta binti ameshasikia kwa majirani, anakunja sare zake.

"Sipendi, lakini ni kwa muda tu, mama. Nikipata namba, nikafaulu, naenda shule ya bweni. Hapo sitakuwa kwake wala kwako." Alisema kama anayejibu hesabu ubaoni.

Alhamisi akampeleka. Shemeji alisema atafunga duka mapema waende kwa shehe. Akafunga jua likizama. Shehe alikuwa msibani. Ijumaa walimpata baada ya sala, naye hakuchelewesha: akaandika, akapiga muhuri, akapuliza wino ukauke. Mama akakimbia na bahasha kifuani.

Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili. "Barua imekamilika," alisema. "Haina kasoro hata moja." Halafu akavua miwani. "Wizara wamefunga usajili saa sita, mama. Mwakani ataandikwa wa kwanza."

Mama akaenda moja kwa moja dukani kumtaka mwanawe.

"Sasa unamtakia nini?" shemeji akamwuliza. "Nimetamka mbele ya shehe kwamba namlea mimi. Nakala anayo. Unataka nionekane mwongo mjini?" Nyuma ya duka binti alikuwa anafua nepi. Aliinua uso, kisha akaendelea kufua.

Wiki zile tano zilipokwisha, asubuhi ya mtihani, mama alipanga madawati na kuandika namba kwa chaki. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya dini. Watoto walipokwisha kuingia, kushoto na kulia, mlango wa stoo ukasukumwa taratibu. Binti alikuwa ametumwa maziwa. Kichanga kilikuwa mgongoni. Akaketi juu ya ndoo yake, akaegemeza sikio ukutani.

"Wameulizwa nini, mama?"

"Sijui, mwanangu. Leo hawasemi. Wanaandika."

Binti akahamia ukuta wa pili. Huko nako kulikuwa kimya. Kichanga kikaamka, kikaanza kulia, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu zake zote.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa msimamizi wa mtihani, mgeni kutoka wilayani, kitambulisho kikimning'inia shingoni.

"Mfagiaji, watahiniwa wanasumbuka. Huyu yaya ametokea wapi? Mtoe nje, ufunge geti."

"Samahani, mwalimu," binti akasema, akainuka.

Mama alifungua mdomo. Msimamizi alikuwa amesimama pale pale, ameshika saa ya mkononi kama anayempimia muda. Mama akamshika mwanawe kiwiko, akampitisha uani hadi getini, akavuta mnyororo, akabana kufuli.

Binti hakuondoka. Alisimama chini ya ile mikono iliyoshikana, akawa anayumba mguu huu na mguu ule. Midomo yake ikaanza kucheza: zaburi, kisha sura, kisha zaburi tena. Kichanga kikanyamaza, kikalala.

Mama alikuwa upande wa ndani. Ufunguo alikuwa nao yeye.