Alama ya Kidole Gumba

Glavu za wifi yake, dada wa mumewe, zilikuwa mpya. Zake mwenyewe zilitoboka kwenye kidole gumba, na kila cheche ya mwali wa gesi wa kukatia chuma ililijua tundu lile kama kwao.

"Wifi, bado unakisugua? Kibamba hicho unakipeleka harusini?" wifi alimtania.

Wakataji wenzao wakacheka. Yeye akainama, akasugua.

Yeye ndiye aliyemfundisha wifi kazi. Vibamba vile vya chuma, vya kufungwa kwenye midomo ya mashine za kupakia mawe, huja vigumu kweli: vimechomwa, vikazamishwa majini, vikapashwa tena taratibu. Mwali ukipita, ukingo hulainika na kubaki na mstari wa buluu. Mstari huo lazima usagwe wote uishe.

"Kitendawili!" alimtegea siku zile.

"Tega!"

"Moto ulinipa ugumu, moto ukaninyang'anya."

"Kaka yangu!" wifi alijibu, wakacheka hadi machozi.

Kisha bosi akatafuta nyapara: ajira ya kudumu, na matibabu ya familia. Mashine ya kusagia akaifungia stoo, eti inakula umeme. Yeye akaendelea kusugua kwa tupa, mkono ukafa ganzi. Wifi aliufunika ule ubuluu kwa rangi nyeusi bila kuusaga, akamaliza vibamba vingi kuliko wote, akapata unyapara. Bosi akaanza kumwita "mama." Yeye alibaki "wewe."

Neno hilo "wewe" lilimlaza macho. Mumewe akisema, "Dada yangu kapanda," yeye anasogeza sahani ya ugali kando.

Naye akaacha tupa, akashika brashi ya rangi.

Haukupita muda, machimbo ya mawe yakarudisha kibamba kimelika ukingo kama sabuni. Bosi akapitisha tupa. Ikauma chuma kama muhogo.

"Cha nani hiki?"

Kwenye rangi iliyokauka palikuwa na alama ya gumba, mistari ya ngozi ikionekana wazi. Wifi aliitazama glavu yenye tundu.

"Cha wifi, bosi."

"Wewe, vua ovaroli."

"Bosi, mashine si umeifungia stoo mwenyewe..."

"Nani kakuuliza?"

Akavua. Alipofika getini wifi akamkimbilia, pumzi juu. Moyo ukamruka: huenda kamwombea msamaha.

"Wifi, glavu. Ni mali ya kampuni."

Akampa. Hata hapo, jicho lake lilikuwa kwenye zile mpya mikononi mwa wifi.

Lori la machimbo likatoka, limejaa vibamba. Rangi ilikuwa mbichi, na kila kimoja kilikuwa na alama ya gumba la glavu nzima, laini, isiyo na mstari wa ngozi hata mmoja.