Faulo ya Tano

Walimwita Karibu, na halikuwa jina la heshima. Mwaka wake wa kwanza chuoni, kila mpinzani aliyefika chini ya kikapu alipita kama anaingia kwao. Mrefu alikuwa mrefu, lakini ukimtikisia mpira kidogo tu, huyo kesharuka, kakamata hewa, nawe unafunga huku unacheka. Dada yake mshonaji, aliyeacha cherehani yake ili aje kumtazama, alisimama jukwaani akapaza sauti: "We mdogo wangu! Hata mlango wa choo una komeo!" Watu waliangua kicheko. Tangu siku hiyo wakawa wanamwimbia "karibu, karibu" kila alipopitwa.

Wee, kuchekwa kunauma! Jamaa akaanza kutangulia uwanjani kabla ya wenzake, akajifunza kutoruka. Magoti yamekunjwa, mikono juu, macho mbele kana kwamba kuna mpinzani, saa nzima. Mwaka wa pili hakudanganyika ovyo. Mwaka wa tatu wapinzani wakaanza kuukwepa upande wake. Wa nne akawa nahodha, na jina lilelile likawa linawapa watu tumbo joto. Ila kombe la vyuo hakuwahi kuligusa, na hii ndiyo ilikuwa fainali yake ya mwisho. Alitaka akumbukwe kwa kombe hilo, na hakuona haya kulisema.

Sasa zilibaki sekunde kumi na moja. Chuo chake kilikuwa mbele kwa pointi moja, naye alikuwa na faulo nne. Ya tano ni kutoka nje. Aliyekuwa na mpira ni Kinyonga, mfungaji wa chuo pinzani, waliyekabana naye miaka yote minne. Kinyonga akayumba kulia. Karibu akanyoosha mkono, kidogo tu, akagusa kiwiko. Filimbi ikalia.

"Mimi? Refa, jamani, mimi?"

Lakini alijua. Miaka mitatu ameitawala miguu, leo mkono umemponza. Akaenda kukaa benchi.

Aliyeingia badala yake alikuwa wa mwaka wa pili, wakimwita Miwani kwa sababu alicheza na miwani iliyofungwa ukanda kisogoni. Kocha aliomba muda, akaanza kuchora mistari yake ubaoni. Miwani hakuutazama ubao. Alichuchumaa mbele ya Karibu.

"Kaka, yule nitamjuaje? Anaruka saa ngapi, anadanganya saa ngapi?"

Jibu Karibu alikuwa nalo. Alilihangaikia miaka mitatu kulipata, na hakuwahi kumwambia mtu, hata kocha. Akatazama pembeni. Tuseme kweli tu, maana hapa hakuna malaika: moyoni alitamani mwenzake ashindwe. Apitwe, chuo kifungwe, watu warudi makwao wakisema, lau angekuwepo Karibu! Kukumbukwa ni kukumbukwa.

"Kaka," Miwani akasema tena, sauti ikamkatika. "Naogopa mwenzio."

Karibu akamshika kisogo, akamvuta.

"Mwangalie macho. Akitazama kikapu, anakudanganya. Akitazama miguu yako, ndipo anaruka kweli. Umesikia?"

"Akitazama kikapu..."

"Anadanganya! Usiruke hata mama yako akikwambia uruke. Haya, nenda."

Mpira ukarushwa kutoka pembeni. Kinyonga akaupokea, akakitazama kikapu, akauinua. Ukumbi mzima uliinuka naye. Miwani hakubanduka. Sekunde tano. Kinyonga akarudia, mabega juu kabisa, na hata kocha akaruka, mtu mzima na kitambi chake. Miwani palepale. Karibu alikuwa ameling'ang'ania benchi kwa mikono miwili. Sekunde mbili. Kinyonga akashusha macho, akaitazama miguu ya Miwani.

"Sasa!" Karibu akapiga kelele, lakini Miwani alikuwa hewani tayari. Ncha za vidole zikaugusa mpira, ukapinda, ukaanguka bila hata kugusa chuma cha kikapu. King'ora kikalia.

Watu wakamiminika uwanjani. Walimbeba Miwani juujuu wakiliimba jina lake, na kombe likapita mikononi mwake kwanza. Hakuna aliyegeuka kutazama benchi. Hata dada mtu alikuwa anarukaruka na watu asiowajua. Karibu akapiga makofi, akacheka kidogo, akabaki amekaa palepale benchi.

Ndipo akaona viatu vya chuo pinzani mbele yake. Kinyonga, jasho na machozi, alikuwa ameupita umati wote akaja moja kwa moja benchi.

"Yule umemwambia wewe," akasema.

"Nimwambie nini?"

"Usinifanye mjinga. Miaka mitatu hii, asiyerukaga ni wewe peke yako." Akampa mkono, na hakuuachia upesi. "Nikadhani leo umetoka. Kumbe bado ulikuwa unanikaba."

Karibu akainama. Akavuta taulo, akajifunika uso, akalia.