Kiti cha Besi

Jovina alikuwa amekaa mlangoni pake Mkuyuni, Mwanza, anapepeta mchele wa Magu kwenye ungo, redio ikiwa juu ya ndoo iliyofunikwa. Kilikuwa kipindi cha nyimbo za zamani. Mtangazaji, binti aitwaye Winnie, mwenye sauti ya kucheka hata akisoma matangazo ya msiba, alikuwa anawauliza wasikilizaji: kama ungezaliwa enzi zile, ungependa kupiga katika bendi gani? Mtu wa Buswelu alitaja bendi moja ya Dar es Salaam. Mwingine alitaja ya Kongo, akaanza kuiimba, akakatiwa simu.

Ndipo Alexander, kitinda mimba wa Jovina, akatoka ndani na ovaroli yake yenye mafuta, simu sikioni. Mama yake akamsikia mara mbili, kwanza uani, kisha redioni.

"Mimi ningepiga Ziwa Kuu Jazz. Besi. Kiti cha baba."

"Ziwa Kuu si ndio wale waliozama wote?" Winnie aliuliza.

"Wote, isipokuwa baba. Siku hiyo homa ilimlaza."

"Basi kiti kipo wazi, kaka," alisema Winnie, akaweka wimbo wao.

Jovina aliacha kupepeta. Alijua kwamba neno likisemwa redioni linafika mbali, na ziwa liko karibu kuliko Buswelu.

Mumewe, Gosbert, alipona ile homa, akaishi, akamzalisha watoto, akafa kitandani kwa sukari na kuzikwa mgombani kwao Muleba. Wenzake walikuwa wamezama na boti ya Mzee Masalu walipotoka kupiga muziki kwenye sherehe yake kisiwani. Boti ilivutwa nchi kavu, ikapigiliwa mbao, ikapakwa rangi ya kijani na kupewa jina jipya, Tumaini. Mpaka leo ilikuwa inabeba watu na mizigo kwenda visiwani, na fundi wa injini yake alikuwa Alexander.

Walikuja jioni hiyohiyo, Jovina akipuliza mkaa. Walipita uchochoroni wakifuatana, suti za bluu, suruali pana chini, maji yakiwachuruzika. Gugumaji lilikuwa limening'inia kwenye mdomo wa saksafoni. Kila mmoja alibeba chombo chake na kiti chake cha kukunja, na Chenge, mpiga solo na kiongozi wao, alibeba viti viwili.

"Mama Alex," jirani yake Dorcas aliita juu ya ua, "wageni wako wanamwaga maji njiani. Watoto watateleza hapa."

"Nitamwaga majivu," alijibu Jovina.

Kidogo pakawa na mashaka nani amwamkie nani. Chenge alikuwa amemzidi umri enzi zile, lakini sasa uso wake ulikuwa mchanga kuliko wa Alexander. Jovina aliona aliyezaliwa kwanza ni aliyezaliwa kwanza, akampa shikamoo.

"Marahaba, shemeji," alisema Chenge. "Tumesikia redioni. Kijana wetu anatafuta bendi."

"Gosbert hamkumpata?"

"Gosbert yuko mgombani, kule juu. Sisi tunafika maji ya ziwa yanapofika. Hapa kwako tumefuata bomba."

Jovina aliutazama mfereji wa uani. Ulikuwa unadondoka, kama siku zote.

"Alexander ana kazi," alisema.

"Tunajua. Kila siku tuko naye, yeye juu, sisi chini. Ijumaa hii tutampitia." Chenge alikunjua kile kiti cha ziada, akakijaribu kwa mkono kama kitabeba mtu. "Ule ubao wa kushoto, chini ya injini. Pamba ya kuzibia imechoka. Hata enzi zetu ulikuwa hivyohivyo."

Aliyasema hayo kama mtu anayesema ugali umeiva. Jovina alishika rozari mfukoni mwa gauni lake, akawaza haraka. Kupiga kelele hakungemsaidia. Mchawi unaweza kumkemea, lakini hawa walikuwa watu waliobatizwa.

"Gosbert alikuwa akisema hamchukui mtu hamjamsikia," alisema. "Alhamisi jumuiya inasali rozari hapa kwangu. Mje mumsikie kwanza."

Chenge aliwageukia wenzake. Lilikuwa neno la kimuziki, wakalikubali. Walipoondoka walikiacha kile kiti, kikiwa kimekunjuliwa, kinachuruzika.

Alexander alirudi akinuka dizeli.

"Ule ubao wa kushoto chini ya injini," mama yake aliuliza, "ukoje?"

"Unavuja kidogo. Tunaziba kwa pamba na lami. Boti gani haivuji, mama?"

"Ijumaa usiende."

"Nisipoenda, Mzee anamweka Paulo. Paulo anaivizia ile injini kama fisi." Akakiona kiti. Akakizunguka, akakipapasa mgongo. "Wamekuja? Mama, si ungenipigia simu niwahi!"

Alifurahi kama mtu aliyeitwa kazi serikalini. Furaha hiyo ndiyo iliyomtisha Jovina kuliko wale wageni.

Kesho yake alikwenda kwa Mzee Masalu. Mzee alikuwa amekaa kibarazani kwake, miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Yeye ndiye aliyeipa parokia kengele, na viti vya mbele kanisani viliachwa wazi mpaka afike.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Alex. Karibu."

"Nimekuja kwa ajili ya boti. Ubao wa kushoto, chini ya injini, hautafika mbali."

"Nani kakwambia?"

"Chenge."

Mzee Masalu alifikiri. "Chenge yule wa solo? Hajambo?"

"Hajambo. Ameloa tu."

"Msalimie. Mwambie pamba nilibadilisha mwaka jana." Akageuza miguu ndani ya beseni. "Na ule wimbo wangu, waliumaliza? Pale kwenye sherehe waliimba beti mbili wakinitaja, nikawaambia waongeze wa tatu. Wakasema watautunga njiani."

"Sijui, baba. Naomba boti ipandishwe itazamwe."

"Itatazamwa, mama. Mungu akipenda. Baada ya msimu wa pamba."

Jovina alirudi nyumbani kwa miguu. Alipofika, alipanda juu ya stuli, akalishusha gitaa la Gosbert ukutani. Hakuwa amewahi kulipiga. Ila kwa miaka yote ya ndoa Gosbert alijifunzia jikoni, bila umeme, nyuzi zikitoa mlio mkavu kama kuni zinazovunjwa, na yeye akikoroga uji alikuwa anazifuata kwa mdomo, dum, dum-du, mpaka akawa anazijua nyimbo zote za Ziwa Kuu kwa upande wa chini tu, kama mtu anayemjua jirani kwa viatu. Alifanya ishara ya msalaba, akaanza. Nyuzi zilimkata vidole. Alivipaka mafuta, akaendelea. Alexander akiwa kazini, mama yake alipiga; akisikia hatua zake, alilitundika ukutani.

Alhamisi jumuiya ilijaa uani. Mzee Masalu aliletewa kiti chenye mto. Katekista Nestory alikuwa anaongoza tendo la kwanza wakati bendi ilipoingia, ikakaa nyuma kwa adabu, ikaitikia. Waliitikia vizuri, kwa sauti zilizopangwa. Ila kila walipofika pale inapotajwa saa ya kufa walinyamaza, kwa kuwa kwao hiyo ilikuwa imeshapita. Dorcas alitandika magunia chini ili maji yasifike kwa wazee.

Rozari ilipokwisha, wakapanga viti. Cha besi kiliwekwa katikati, nyuma kidogo, karibu na dramu. Alexander alikuwa mferejini ananawa mikono na sabuni, mpaka viwiko, kama daktari. Alipogeuka, mama yake alikuwa amekaa kwenye kile kiti, gitaa mapajani.

Akaja akasimama mbele yake. Akasema kwa sauti ya chini, maana watu walikuwa wanatazama.

"Mama, inuka."

"Nimeshakaa."

"Ni mimi niliyepiga simu."

"Na mimi ndiye niliyekuzaa. Piga nyingine."

Alexander alishika mgongo wa kiti. Jovina alihisi kinainuka kidogo nyuma, akakaza miguu chini. Maji ya kiti yalikuwa yamepenya gauni, baridi ya ziwa ile ya asubuhi, na hakuondoka. Mtoto wa mtu alikohoa.

"Shemeji," alisema Chenge, "bendi yetu haijawahi kuwa na mwanamke."

"Na besi hamjawa nayo tangu mzame."

Antoni, mwimbaji, alicheka mpaka maji yakamtoka puani. "Ajaribiwe," alisema. "Akishindwa, kijana yupo."

Alexander aliachia kiti.

Wakaanza na wimbo wa Mzee Masalu, maana mwenyewe alikuwepo. Ubeti wa kwanza ulimsifu kuwa tajiri asiyesahau watu. Wa pili ulisema boti yake ni daraja juu ya maji. Kila alipotajwa, Mzee aliitikia kwa kidole. Jovina alipiga akiwa amefumba macho, midomo inacheza, damu kidogo kwenye uzi wa juu. Hakukosea. Mwisho wa ubeti wa pili vyombo vyote vilinyamaza, na wafu wakamtazama. Hapa ndipo walipokuwa wanaishia siku zote. Ubeti wa tatu ulipaswa kufunguliwa na besi peke yake, na tangu wautunge hawakuwa na wa kuufungua.

Jovina hakuwa amewahi kuusikia. Gosbert hakuwa kwenye ile boti. Alisubiri kidogo, akamsikiliza Nestory akikunja kitabu cha sala, akausikiliza mfereji unavyodondoka, akafuata matone. Dum. Dum-du.

Antoni akaimba.

*Masalu, tulikuita toka majini,*
*ulikuwa ufukweni, tunakuona shati.*
*Mitumbwi ilikuja, Masalu, ilikuja,*
*ikabeba magunia, ikaacha watu.*

Akaurudia, na saksafoni ikaitikia. Akaimba kuhusu ubao wa kushoto, kuhusu pamba iliyolowa maji, kuhusu nahodha aliyesema jana yake kwamba haifai na akaambiwa atawekwa mwingine. Aliyaimba hayo yote kwa sauti tamu, mkono mmoja kifuani, na kila mtu uani aliyaelewa.

Mzee Masalu alisikiliza, kichwa kimeinama upande. Alipotajwa mara ya mwisho aliinuka, akajipapasa mfuko wa koti, akatoa noti, akaenda akambandika Antoni kwenye paji la uso, kama ilivyo desturi ya mtu aliyeimbwa. Kwa kuwa paji lilikuwa limeloa, noti ilishika vizuri. Watu wakapiga makofi. Dorcas akapiga kigelegele.

"Wimbo mzuri," alisema Mzee akirudi kwenye mto wake. "Ila mrefu."

Katekista Nestory alimshukuru, akatangaza kwamba ndiye atakayetoa rangi ya kanisa, na kwamba Alhamisi ijayo ni kwa mama Paskazia.

Chenge alimwendea Jovina, akamshika bega. Mkono ulikuwa mzito kama nguo ambayo haijakamuliwa.

"Kiti kimejaa," alisema.

"Basi Ijumaa hamtampitia mtu?"

"Tumpitie wa nini? Bendi imetimia."

Alexander alilala bila kula.

Asubuhi Jovina alishuka mwaloni, boti zinapopakilia. Tumaini ilikuwa imekaa chini sana majini. Wanawake walikuwa wanapakia ndoo na vitoto vya kuku, mwalimu mmoja alikuwa na godoro, bibi mmoja alibebwa mgongoni asiloe. Wimbo ulikuwa umeshafika kabla yake. Wapakizi walirusha magunia kwa mapigo yake, huyu akiimba *tulikuita toka majini*, yule akidaka gunia kwenye *ikaacha watu*, na abiria wakiitikia huku wanasogeana ili wengine wapate pa kukaa. Mzee Masalu alisimama chini ya mwavuli, anaufuatisha kwa mluzi.

Jovina aliutazama ubao wa kushoto. Pamba ilikuwa inachungulia, nyeupe, kama mto wa kulalia uliopasuka.

"Bibi," alimwambia yule aliyebebwa, "boti hii ndiyo ya kwenye wimbo."

"Najua, mwanangu," alijibu bibi. "Nyingine iko wapi?"

Alexander hakumwangalia mama yake. Aliwasha injini.

Jovina alikaa juu ya jiwe akasali, rozari moja baada ya nyingine, mpaka boti ilipoonekana inarudi. Alexander alishuka mkavu. Alimpita mama yake, kisha akarudi, akamchukulia mkoba, wakapanda naye mlima.

Jioni bendi ilikuja kwenye mazoezi kama walivyopatana. Jovina alikuwa amefunga vidole kwa vitambaa. Walipiga mpaka Dorcas akaanza kupika akifuata mapigo. Walipopumzika, Chenge alikamua tai yake.

"Sasa muziki umekuwa mzito," alisema. "Antoni anachoka peke yake. Tunafikiria kuongeza kwaya."

Jovina aliweka mkono juu ya nyuzi zinyamaze. "Ya watu wangapi?"

"Kwaya haina viti, shemeji."

Alikuwa ameimba kwaya ya parokia tangu alipohamia Mwanza, akajua ni kweli. Kwaya husimama, na akija mwingine, wenzake husogea.

Aliuliza ni lini. Chenge alisema hawajapanga, inategemea pamba. Jovina akafanya ishara ya msalaba, akakaza uzi wa chini uliokuwa umelegea, na wakarudia ubeti wa tatu tangu mwanzo.