Duka la Darasa la Awali

Jumatatu asubuhi Mwalimu Renatha alifungua mlango wa darasa la awali akakuta kamba ya katani imefungwa kutoka dirishani hadi kwenye nguzo, na nyuma ya kamba ile zana zote za watoto zimepangwa kama bidhaa za duka la mjini. Katikati ya kamba kilining'inia kipande cha manila kilichoandikwa kwa kalamu nene: USIGUSE.

Alisimama akakisoma mara mbili. Darasani mwake hamkuwa na mtoto hata mmoja aliyejua kusoma.

Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Mwalimu Cassian alikuwa mtu mpole, mwenye hofu ya kudumu ya kukutwa hajajiandaa. Alimkaribisha kiti.

"Wageni wa idara ya elimu wanakuja wiki hii," alisema. "Wanataka kuona mtaala mpya unavyotekelezwa. Kona za ujifunzaji, zana za mazingira, vitu kama hivyo. Kwako wewe ndiko kuzuri kuliko kote."

"Ni kuzuri kwa sababu watoto wanachezea pale, Mwalimu Mkuu."

"Ndiyo maana nikafunga. Wakichezea zitaharibika, mgeni atakuta nini?"

"Atakuta watoto wanajifunza."

Mwalimu Cassian alimtazama kama anayemtazama mtu asiyejua dunia. "Siku chache tu, mwalimu. Vumilia."

Renatha hakuwa mtu wa kuvumilia, lakini alikuwa ameajiriwa. Alirudi darasani.

Zana zile hazikutoka hewani. Mwanzoni mwa mwaka, aliporudi kutoka mafunzoni, aliitisha kikao cha wazazi akawaeleza kwamba mtoto wa miaka mitano anajifunza kwa mikono yake: kwa kupanga, kujenga, kuuza na kununua, kupika cha uongo. Wazazi wa kijiji cha Kamuli walimsikiliza kwa adabu. Hawakuamini. Aliyesema wazi alikuwa Agnetha, mama yake Joanitha, mwanamke mrefu mwenye shamba la migomba na kahawa nyuma tu ya shule.

"Mwalimu, kupika udongo anajua tangu nyumbani," alisema siku ile. "Mtoto wa dada yangu kule Kanoni anasoma chekechea ya kulipia. Anahesabu mpaka mia kwa Kiingereza. Wangu atacheza mpaka lini?"

Hata hivyo Joanitha alimsumbua mama yake mpaka akakubali kutengeneza kitu. Na Agnetha, akishika kazi, hakujua kuifanya nusunusu. Kwa ebyai, zile nyuzi kavu za mgomba, alisuka vikapu vya kuingia kiganjani, mikeka ya upana wa daftari, kitanda kidogo, na mwanasesere mwenye nywele na kanga. Wazazi wengine walipoona, wakaona haya kuja mikono mitupu. Wakaleta magunzi, vizibo, makopo, mbao. Babu mmoja alichonga mizani. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa duka, na jikoni, na kona ya ujenzi.

Sasa watoto walikaa mikekani wakitazama vitu vyao ng'ambo ya kamba. Renatha aliwaimbisha, akawasimulia hadithi, akawatoa nje kuokota mawe. Wakirudi ndani, macho yalikwenda palepale. Hirwa, mtoto mdogo kuliko wote, aliuliza kwa Kinyambo kama vile vitu ni vigonjwa.

"Si vigonjwa," Renatha alimjibu. "Vinasubiri wageni."

Wageni hawakuja wiki ile. Walituma ujumbe kwamba wameahirisha. Wiki iliyofuata hawakuja pia, barabara iliharibiwa na mvua. Renatha aliifungua kamba, na baada ya mapumziko aliikuta imefungwa tena, safari hii kwa fundo la kukazwa. Alimfuata Mwalimu Mkuu mara ya pili na ya tatu. Kila mara alikaribishwa kiti na kuambiwa avumilie.

Siku moja mchana Agnetha alikatisha kutoka shambani, panga mkononi, akasimama dirishani.

"Mwalimu, habari za kazi. Huyu mtoto wangu ananiambia siku hizi hawachezi."

"Ni kweli, Mama Joanitha."

"Mnaandika, basi?"

"Bado. Kuandika ni muhula ujao."

"Sasa mnafanya nini?"

Renatha aliitazama kamba. "Tunaangalia."

Agnetha alichungulia ndani, akaiona kamba. "Kucheza nililalamikia," alisema polepole. "Lakini kuangalia nako ni somo?"

Wageni walikuja Alhamisi ya wiki ya tatu bila kutoa taarifa, gari moja, watu watatu. Kiongozi wao, Bwana Gideon, alikuwa mchangamfu, mwepesi wa kusifia. Alifika mbele ya kamba akashika kiuno.

"Hii ndiyo tunayoitaka," alisema. "Mazingira yanazungumza. Mwalimu, hongera sana." Akapiga picha za vikapu, za mizani, za mwanasesere. Alipiga picha nyingi, na katika zote hapakuwa na mtoto.

"Ungependa kuwaona wakizitumia?" Renatha aliuliza. "Nusu saa tu."

"Ningependa sana, ila tuna shule nyingine tatu."

Wakati wakubwa wakizungumza, Joanitha alipita chini ya kamba akamwinua mwanasesere. Hakumchezea. Alimwekea sawa kanga yake iliyokuwa imelegea. Mwalimu Cassian alimwona, akamtoa mwanasesere mkononi mwa mtoto taratibu, akamrudisha kwenye kitanda. Joanitha hakulia. Aliweka mikono nyuma ya mgongo akarudi mkekani, na Renatha akaiona ile mikono midogo imejifunga yenyewe.

Halafu likaja kubwa zaidi. Bwana Gideon alisema kuna maonesho ya zana Nkwenda, na kazi hii lazima ionekane. Wangeichukua sasa hivi, wairudishe yakiisha. Mwalimu Cassian alikubali kabla sentensi haijakamilika. Makatoni yakaletwa. Duka lote, jikoni yote, vikaingia ndani ya gari.

"Mwalimu Mkuu," Renatha alisema gari lilipoondoka, "umewapa vitu vya watu."

"Ni sifa ya shule, mwalimu. Wewe mwenyewe umesifiwa."

"Sifa hiyo watoto wataipangaje? Wataihesabu?"

Renatha aliondoka kabla hajasema neno la kumfukuzisha kazi.

Asubuhi ya Ijumaa Agnetha alifika shuleni amevaa nguo ya kanisani, ameongozana na kina mama wawili. Hakupita darasani. Alikwenda ofisini, na Renatha, aliyesikia sauti, akamfuata.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu," Agnetha alisema, ingawa walikaribiana umri. "Nimekuja kuchukua kitanda changu."

"Kitanda gani, mama?"

"Cha ebyai. Nilikisuka siku nzima, nikaacha kahawa yangu juani. Nilimsukia mtoto, sikuwasukia watu wa Nkwenda."

"Kitarudi, mama. Kiko kwenye maonesho, kinaonwa na watu wakubwa."

"Watu wakubwa wana vitanda vyao."

Mmoja wa wenzake aliguna kuzuia kicheko. Mwalimu Cassian alimgeukia Renatha kuomba msaada. "Mwalimu, waeleweshe."

"Niwaeleweshe nini?" Renatha alisema. "Mimi mwenyewe sijaelewa. Wiki tatu watoto hawajashika kitu. Kama mtaala ni wa kuangalia, mnipe barua niwaangalishe."

Mwalimu Mkuu alimpigia simu Bwana Gideon. Walisikia akisema "ndiyo" na "naelewa" na "wazazi lakini" mara kadhaa. Akakata simu. "Anasema vikiondolewa sasa meza itabaki tupu."

"Basi wajue darasa linavyojisikia," Agnetha alisema, akakaa kwenye benchi la ofisini. Wenzake wakakaa pia. Hawakupiga kelele. Waliongea mambo ya shamba, mnyauko wa migomba, bei ya kahawa, kama watu walioamua kushinda pale. Kufikia saa nne Mwalimu Cassian alivaa koti la mvua na kuita bodaboda ya kwenda Nkwenda. Agnetha alipanda nyuma yake bila kualikwa.

Walirudi alasiri, wamelowa, katoni mbili zimebanwa kati yao. Mizani haikurudi, Bwana Gideon aliing'ang'ania, na hawakuiona tena. Kikapu kimoja kilikuwa kimepondeka, na mwanasesere alikuwa amepoteza mkono. Watoto wengi walikuwa wameshakwenda nyumbani, lakini wale wa jirani waliona pikipiki wakarudi mbio.

"Tuvipange vile vizima kule juu," Mwalimu Cassian alianza, "halafu hivi vibovu..."

Renatha alishika katoni ya kwanza akaimwaga sakafuni. Akaimwaga na ya pili. Vizibo vilibingirika mpaka mlangoni. Mwalimu Mkuu alifumba macho kidogo, akayafumbua, akatoka kwenda kubadilisha viatu.

Watoto hawakuhitaji kuambiwa. Hirwa alikusanya makopo akaanza kujenga. Joanitha alimkagua mwanasesere, akaona mkono haupo, akamfunga kanga vizuri juu ya bega akamlaza kwenye kitanda chake. Kisha akaketi nyuma ya kibao kilichokuwa meza ya duka na kutangaza kwa Kiswahili kwamba duka limefunguliwa, kuna senene, kuna chumvi, kuna sabuni.

Agnetha, bado analowesha sakafu, alisikiliza. Nyumbani mtoto huyu alizungumza Kinyambo tu. Sasa alikuwa akimweleza Hirwa, aliyeacha makopo akaja kununua, kwamba senene ni mafungu matatu tu, akichukua mawili litabaki moja, na mteja anayefuata atakula nini.

"Hayo nani amemfundisha?" Agnetha aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wamefundishana."

Renatha alidhani hatimaye wameelewana. Lakini Agnetha alikamua upindo wa gauni akasema, "Sawa. Ila kuandika ni lini, mwalimu?"

Renatha alishusha pumzi ndefu. Alikuwa amechoka na Mwalimu Mkuu, amechoka na wageni, na sasa huyu. "Kutakuja, Mama Joanitha. Muhula ujao. Nimekwambia, na nitakwambia tena kesho. Kwa sasa nenda ukanunue sabuni."

Agnetha alisita, kisha akasogea mbele ya kibao na kunyoosha mkono.

"Hapana," Joanitha alimwambia mama yake bila kuinua uso. "Hirwa alifika kwanza. Panga foleni."

Agnetha alitazama huku na huku kuona nani anamcheka. Akakaa nyuma ya Hirwa, magoti yamekunjwa, akasubiri.